Nani Amemsikiliza Mtoto Akisoma? Historia Fupi ya Kupima Usomaji Nchini Tanzania

Kila yanapotangazwa matokeo ya darasa la saba, mjadala wetu hupita njia ile ile. Mkoa upi umeongoza, shule ipi imeshika mkia, ufaulu umepanda kwa asilimia ngapi. Magazeti huchapa picha za watoto bora wakiwa wamebebwa na wazazi, maofisa elimu wa mikoa ya mkiani huitwa kujieleza, na baada ya wiki mbili tunasahau. Kuna swali moja lisiloingia katika mjadala huo, nalo ni la miaka mitano kabla ya siku ya mtihani: mtoto huyu alipokuwa darasa la pili, nani aliketi naye akamsikiliza akisoma? Na aliyemsikiliza, alipogundua kwamba hasomi, alifanya nini?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko Wizara ya Elimu yenyewe. Katika vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mtoto alianza alifu kwa ujiti: akazitambua herufi, akafundishwa irabu, akaunganisha, kisha akaingia katika sura fupi. Mpita njia alisikia kelele za watoto wa kila umri wakipaza sauti kwa pamoja na kudhani hapo hapana utaratibu. Utaratibu ulikuwapo. Kila mtoto alikuwa na mahali pake katika ubao au msahafu wake, naye alisogea mbele ya mwalimu kusomeshwa peke yake. Asiyeweza hakuvuka; alirudia palepale mpaka aweze. Sisemi kwamba chuo kilikuwa pepo ya watoto. Bakora ilikuwapo, na mtoto aliweza kuhitimu akiitamka lugha asiyoielewa hata neno. Lakini hakuna mtoto aliyefika khitma bila mwalimu wake kujua kwa masikio yake mwenyewe kwamba anasoma.

Wamisionari nao walipima. Kule Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, Waanglikana walimtaka anayeomba ubatizo athibitishe kwanza kwamba anaweza kusoma Injili, hata Wakristo wenyewe wakaitwa kwa neno lenye maana ya wasomaji. Mlango wa kanisa ulikuwa ndio mtihani. Hapa pia mtu alisikilizwa mmoja mmoja, na aliyeshindwa alirudi kujifunza.

Serikali za kikoloni zilikuja na haja nyingine. Wajerumani walipofungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, walichohitaji ni makarani, wakalimani, watoza kodi na maakida, watu wachache wa kutosha kujaza ofisi chache. Waingereza walipanua shule lakini wakajenga ngazi zenye milango membamba: wengi waliishia darasa la nne, wachache waliendelea, na mtihani ulikaa mlangoni. Hapo maana ya kupima iligeuka. Mwalimu wa chuo alipima ili ajue amfundishe nini mtoto kesho; mtihani wa darasa la nne ulipima ili ijulikane nani asifundishwe tena. Kwa lugha ya siku hizi tungesema kwamba chombo kimoja kilibaini, kingine kilichuja. Tumeishi na mkanganyiko huo tangu wakati ule.

Ni vyema kukumbuka kwamba Waingereza hao walikuwa wametoka katika jaribio lao wenyewe, nalo lina somo kwetu. Mwaka 1862, chini ya mwanasiasa Robert Lowe, serikali ya Uingereza ilianza kuzilipa shule za msingi kulingana na matokeo. Mkaguzi alifika mara moja kwa mwaka, akamwita kila mtoto, akamsikiliza akisoma, akamwandikisha imla na kumpa hesabu. Kila mtoto aliyeshindwa aliipunguzia shule yake ruzuku. Kwa maneno mengine, Uingereza nzima ilikuwa na upimaji wa KKK wa mtoto mmoja mmoja, miaka zaidi ya 150 iliyopita. Nini kilifuata? Walimu waliacha historia, jiografia na chochote kisicholipiwa. Watoto walikaririshwa kitabu cha kusomea mwaka mzima, kiasi kwamba wakaguzi wenyewe walisimulia habari za watoto waliosoma kwa ufasaha huku wamekishika kitabu juu chini. Matthew Arnold, mshairi aliyekuwa mkaguzi wa shule, alilalamika kwa miaka mingi kwamba mfumo ule unaifanya shule kuwa mashine. Mfumo ulivunjwa miaka ya 1890. Msomaji aiweke habari hii akilini, maana tutaihitaji tukifika miaka yetu.

Uhuru ulipokuja, mlango mwembamba uliendelea kuwapo. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ni takriban asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi waliopata nafasi ya sekondari, na kwamba wengine wote walirudi nyumbani wakijihesabu walioshindwa. Alitaka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe na mtihani ushushwe hadhi. Miaka ya mwanzo ya 1970 mchujo wa darasa la nne ukaondolewa. Mwaka 1973 hata hivyo Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Mitihani la Taifa. Wapo wanaoona hapo unafiki. Mimi naona nchi changa iliyotaka mitihani yake iwe yake, hata kama ilikuwa haijaamua mitihani hiyo ni ya nini.

Jambo la ajabu ni kwamba upimaji mkubwa wa kusoma uliowahi kufanywa katika nchi hii haukuwahusu watoto. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na baada ya wilaya chache, Mafia na Ukerewe zikiwamo, kupewa jukumu la kufuta ujinga kwanza, serikali iliandaa mtihani wa taifa wa kisomo mwezi Agosti 1975. Watu zaidi ya milioni tatu waliketi: wakulima, wavuvi, kina mama wenye watoto mgongoni. Mtihani haukuwa na kufaulu na kufeli kama tunavyoujua. Ulikuwa na ngazi nne. Ya kwanza ni ya aliyejiandikisha na kuhudhuria. Ya pili ni ya anayetambua maneno na sentensi fupi. Ya tatu ni ya anayeweza kusoma na kuandika habari rahisi. Ya nne ni ya anayetumia kusoma kwake, anayesoma gazeti, anayefuata maelekezo ya mbolea, anayeandika mapato yake. Aliyekuwa ngazi ya pili hakuambiwa ameshindwa. Aliambiwa yuko wapi, na darasa lake lilikuwa bado linamsubiri pale kijijini. Mtihani ulirudiwa mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986, na takwimu za serikali zikaonyesha kwamba wasiojua kusoma, waliokuwa theluthi mbili hivi ya watu wazima wakati wa sensa ya 1967, walishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975 na chini ya asilimia 10 mwaka 1986.

Mtu anaweza kuzitilia shaka takwimu hizo, na nadhani ana haki. Kampeni ya kisiasa ikijipima yenyewe, kila katibu kata anataka kata yake ing'are. Sensa ya 2002 ilikuta karibu watu wazima watatu kati ya kumi hawajui kusoma na kuandika, na kushuka huko hakuelezwi na kusahau peke yake. Lakini wazo lenyewe la ngazi lilikuwa na busara ambayo hatukuihamishia kwa watoto wetu. Tulimpa mkulima wa miaka 50 kipimo kinachomwambia hatua inayofuata, mtoto wa miaka minane tukamwachia mtihani wa kumaliza shule.

Na hao watoto walikuwa wanaongezeka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto awe shuleni ifikapo mwaka 1977. Walimu walifunzwa kwa haraka, wengine wakiwa wenyewe wamemaliza darasa la saba tu, wakifundisha huku wakijifunza. Kisha ukaja uchumi mgumu wa miaka ya 1980, ada zikarudi, madarasa yakachakaa, uandikishaji ukaporomoka. Mwaka 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliwarudisha watoto kwa mamilioni baada ya ada kufutwa. Tulihesabu kwa shauku: madarasa mangapi, madawati mangapi, matundu mangapi ya choo, watoto wangapi wameandikishwa. Hatukuhesabu wangapi wanasoma.

Aibu ilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2012 Wizara ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 walioingia kidato cha kwanza hawajui kusoma wala kuandika. Walikuwa wamefaulu mtihani wa taifa. Lawama zilielekezwa kwenye udanganyifu na kwenye maswali ya kuchagua jibu, na zote zina ukweli wake. Lakini udanganyifu wa siku mbili hauelezi miaka saba. Watoto hao walikuwa wamepita mbele ya walimu saba au zaidi, wakaguzi, kamati za shule na wazazi wao wenyewe, na katika miaka yote hiyo hakuna kifaa rasmi kilichomlazimisha yeyote kumpa mtoto aya moja na kusema: hebu nisomee.

Kifaa kilikuwa kimeanza kupatikana, lakini kilitoka nje ya serikali. Nchini India, shirika la Pratham lilikuwa tangu 2005 likituma watu wa kujitolea majumbani kuwapima watoto kwa karatasi moja: herufi, maneno, aya, hadithi. Wazo hilo lilivuka bahari, likapata jina la Kiswahili, Uwezo, likaanza kazi Tanzania, Kenya na Uganda. Katika ripoti yake ya kwanza ya Tanzania, iliyotokana na upimaji wa 2010, ilionekana kwamba ni watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba mmoja kati ya watano wanaomaliza darasa la saba hawezi. Wataalamu walibishana kuhusu mbinu na sampuli. Ubishi wa namna hiyo ni halali. Kilichokuwa kigumu kubishia ni urahisi wa kipimo: mzazi asiyejua kusoma aliweza kuketi kwenye mkeka wake na kuona mwanawe wa darasa la tano akikwama kwenye mstari wa pili.

Waasisi wa Uwezo waliamini kwamba mzazi akiona hivyo, atachukua hatua. Ni imani nzuri, wengi wetu tuliokuwa katika harakati za kiraia tuliishiriki. Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai waliifuatilia kwa utafiti vijijini Kenya, wakawalinganisha wazazi waliopewa matokeo ya watoto wao na wale wasiopewa. Hawakukuta tofauti ya maana. Mzazi alijua sasa kwamba mwanawe hasomi, lakini hakujua afanye nini, au alidhani si kazi yake, au hakuamini kwamba akienda shuleni atasikilizwa. Nawaomba wanaharakati wenzangu waisome habari hii bila hasira. Taarifa haifundishi mtoto.

Upande wa pili walikuja wafadhili na saa ya kuhesabu sekunde. Asili ya kipimo chao ni Marekani. Stanley Deno wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika miaka ya 1970, aligundua kwamba idadi ya maneno anayosoma mtoto kwa sauti katika dakika moja inatabiri vizuri hali yake ya kusoma kwa jumla. Mwalimu akiipima mara kwa mara ataona kama njia yake inafanya kazi na kuibadilisha mapema. Wenzake wa Oregon waliifanya mfumo wa kuwabaini watoto walio hatarini tangu darasa la awali. Kutoka hapo, mwaka 2006 hivi, kikazaliwa kipimo kinachojulikana kwa kifupi chake, EGRA, kikapelekwa nchi maskini moja baada ya nyingine. Kiswahili kiliingia mapema: mwaka 2007 watoto wa darasa la pili wilayani Malindi walipimwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tanzania Bara ilipimwa mwaka 2013, mwaka ule ule wa Matokeo Makubwa Sasa. Mtoto wa darasa la pili alisoma kwa wastani maneno takriban 18 kwa dakika, wakati lengo liliwekwa kuwa 50.

Hapa niruhusiwe kusimama kidogo, kwa sababu jambo hili hupitwa haraka na wachumi. Neno la Kiswahili si neno la Kiingereza. “Hawakumwandikia” ni neno moja kwetu. Mwingereza hulisema kwa maneno sita. Ndani yake mna ukanushi, nafsi ya mtenda, wakati, mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea. Mtoto anayelisoma hilo kwa sekunde tatu amefanya kazi kubwa, saa ikimhesabia neno moja. Kwa upande mwingine, tahajia yetu ni aminifu: ukizijua silabi, unaweza kulitamka neno lolote hata usilolielewa. Ndiyo maana mtoto wa Kisukuma au wa Kimaasai, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya pili, anaweza kupata alama nzuri ya kasi bila kuelewa alichosoma, na mwenzake wa mjini akakwama kwenye silabi huku hadithi yenyewe angeweza kukusimulia. Kipimo kimoja, matatizo mawili yaliyo kinyume kabisa, dawa mbili tofauti. Kuna na mtoto wa tatu, ambaye haoni ubao wala hasikii vizuri, na ambaye katika madarasa mengi huitwa mvivu.

Kwa haki, serikali ilichukua hatua. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza 2015 uliondoa masomo mengi na kutenga asilimia 80 ya muda kwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Walimu walipewa mafunzo ya KKK, na upimaji wa darasa la pili ukaingizwa katika ratiba. Naona huu ni uamuzi bora wa kisera tuliofanya katika elimu ya msingi tangu Musoma, na wazee wa Wizara walioupigania hawajashukuriwa vya kutosha.

Lakini sambamba nao tuliingia katika programu iliyoitwa, kwa Kiswahili fasaha kabisa, Lipa Kulingana na Matokeo. Benki ya Dunia, Uingereza na Sweden zilitoa fedha kadiri nchi ilivyofikia viashiria vilivyokubaliwa, na kasi ya kusoma ya darasa la pili ikawa miongoni mwa vipimo vya programu hiyo. Robert Lowe angetabasamu. Tofauti ipo, na ni muhimu: safari hii aliyelipwa ni serikali, na waliopimwa ni sampuli ya watoto, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kumkaririsha mtoto mmoja kitabu. Ubaya wake uko hapo hapo. Mtoto wa sampuli husomeshwa na mgeni mwenye saa, karatasi huchukuliwa, mgeni huondoka, na mwalimu wake haambiwi chochote. Nchi imejua, mtoto hajafundishwa.

Je, mwalimu akilipwa moja kwa moja? Hilo nalo lilijaribiwa hapa kwetu, mwaka 2013 na 2014, katika shule 350 za wilaya 10, katika mradi wa Twaweza ulioitwa KiuFunza. Shule nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto aliyefikia kiwango, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Palipokuwa na vyote viwili, watoto waliendelea wazi zaidi. Hii inanishawishi kwamba mjadala wetu wa zamani, kama walimu ni wazembe au hawana vifaa, ulikuwa umeulizwa vibaya.

Palikuwa pia na kipindi cha kuogopa kuhesabu. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali, mpaka yalipolegezwa mwaka 2019. Wanafunzi wangu wa sasa hawakumbuki, lakini watafiti wa umri wangu wanakumbuka jinsi majedwali yalivyobaki ndani ya kompyuta.

Turudi darasani, ambako hesabu ni rahisi. Elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016 ilijaza madarasa ya awali na ya kwanza kupita kiasi. Chukua mwalimu mwenye watoto 100. Kumsikiliza kila mmoja kwa dakika 15, kama kipimo cha wataalamu kinavyotaka, ni saa 25, yaani wiki nzima bila kufundisha. Akitumia dakika mbili tu, akasikiliza watoto sita kwa siku huku wengine wakiandika, atawamaliza kwa wiki tatu na ushei, na ataweza kurudia mara kadhaa kabla mwaka haujaisha. Hilo linawezekana bila mfadhili na bila saa. Linahitaji daftari moja, mwalimu wa pili japo wa kujitolea wa kuwatuliza waliobaki, na mthibiti ubora anayefika akauliza, kabla ya kuomba andalio la somo, daftari hilo liko wapi. Wathibiti ubora ninaozungumza nao husema fomu zao zina safu nyingi, lakini safu hiyo haimo.

Kinachotokea sasa kwa asiyebainiwa kinaanza darasa la nne, kwenye upimaji wa kitaifa ambao umerudisha, kwa jina jipya na kwa nia iliyo bora, mlango uleule wa kale. Mtihani ni wa kuandika. Asiyejua kusoma hawezi kusoma hata swali, kwa hiyo hupata alama za chini katika sayansi na hisabati vilevile, na ripoti yake huonyesha mtoto dhaifu katika kila somo. Kwa utaratibu uliopo hukariri darasa. Analikariri darasa la nne, ambalo muhtasari wake unaanzia kwenye ufahamu wa habari na uandishi wa barua, na ambalo mwalimu wake hakuwahi kupewa mafunzo ya kufundisha silabi.